Ulipie au Usilipie? Mwongozo kwa Anayetafuta Mchumba kwa Simu

Usilipe mwezi wa kwanza. Tumia programu bure mpaka uone kwa macho yako unakwamia wapi, na ukigundua kwamba kinachokukwamisha ni kitu ambacho kampuni inakiuza kweli, lipia mwezi mmoja, si sita, kisha upime. Hilo ndilo jibu langu kwa kila anayeniuliza, na najua halimridhishi anayetaka kuambiwa ndiyo au hapana. Lakini muuguzi wa zamu za usiku aliyeko Muscat na mwalimu kijana aliyepangiwa shule Nachingwea hawana shida moja, hata kama wote wawili wana Tinder kwenye simu zao.

Kuna vizingiti vitatu kati yako na huyo unayemtafuta. Cha kwanza ni watu wenyewe: wawepo wa kutosha, wa rika lako, wa umbali unaofikika, wanaotaka unachokitaka. Cha pili ni kuonekana: hao watu waione picha yako na wasome ulichoandika. Cha tatu ni yale yanayofuata mkishapendana kwenye skrini: mazungumzo yasonge mbele, mpigiane, mkutane, mjulikane kwa ndugu. Kinachouzwa ni njia ya kuvuka hicho cha pili peke yake. Hakuna kifurushi, hata kile cha ghali kuliko vyote, kinacholeta watu mahali ambapo hawapo, wala kinachomfanya mtu akujibu kwa moyo. Ukilishika hilo kabla ya kufungua ukurasa wa malipo, fedha nyingi zitabaki kwako.

Anza bure, lakini kwa makini

Wengi hujaribu bure kwa namna isiyowafundisha kitu. Wanaweka picha moja ya gizani, sehemu ya maelezo wanaiacha tupu, wanapekua kwa siku tatu kitandani, kisha wanasema bure haifanyi kazi. Jaribio la namna hiyo lingeshindwa hata kwa aliyelipia.

Weka picha nne au tano zilizopigwa nje kwenye mwanga mzuri, asubuhi au alasiri jua likishapoa: moja ya uso usio na miwani ya jua, moja ya mwili mzima, moja ukifanya jambo ambalo kweli hulifanya. Usiweke picha ya watu sita ambayo mtazamaji lazima abahatishe wewe ni yupi, wala picha uliyopaka rangi kwa programu mpaka mama yako asingekutambua. Halafu andika mistari mitatu ya kweli. "Naishi Tegeta, nina binti wa miaka minne, naimba kwaya, natafuta ndoa" inafanya kazi kubwa kuliko maneno yote matamu, kwa sababu inamwondoa mapema asiyefaa na kumpa anayefaa pa kuanzia. Kama hutaki ndoa, sema hivyo pia. Thibitisha uso wako kwa selfi. Tinder na Bumble hulifanya hilo bure, na alama ya kuthibitishwa inawatuliza wanawake hasa, ambao wana sababu ya kuwa na hofu.

Kwenye umbali, chagua ule unaoweza kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki kwa nauli yako. Wa Mbagala anayemtafuta wa Bagamoyo anatafuta mtu wa safari.

Kisha angalia wiki mbili zinakuambia nini. Ikiwa jioni ya pili tu programu inasema watu wa eneo lako wamekwisha, umekwama kwenye kizingiti cha kwanza, na hapo usilipe hata senti. Hiyo ndiyo hali ya miji mingi midogo yetu. Watu wapo, wachumba wapo, ila hawapo kwenye programu hiyo. Wapo kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, kwenye harusi, kwenye ligi ya Jumamosi, kwenye kikoba. Kulipia ili upende watu bila kikomo katika eneo lenye watu thelathini ni kulipia hewa. Jaribu programu nyingine kwanza, maana kila moja ina watu wake: mahali ambapo Tinder imekauka, Badoo inaweza kuwa imejaa.

Ikiwa watu wapo, na unapata wa kuongea nao, lakini kila mazungumzo yanafia kwenye "mambo", "poa", "uko wapi", "nipo tu", basi umekwama kwenye kizingiti cha tatu. Hili ndilo tatizo la wengi kuliko wanavyokiri, na ndilo ambalo watu hulipia kwa wingi bila faida. Wanadhani wakipata wengine ishirini mmoja atakuwa tofauti. Wale ishirini watapokea "mambo" ileile. Dawa yake haina bei: uliza kuhusu kitu ulichokiona kwenye profaili yake, jibu swali kwa sentensi mbili badala ya neno moja, na baada ya siku chache omba mpigiane. Simu ya sauti ya dakika kumi inakuonyesha mengi ambayo wiki nzima ya kuandikiana inayaficha. Anayekwepa simu mara tatu, mwache aende.

Ni pale tu ambapo watu ni wengi, mazungumzo yako ni mazuri yanapotokea, lakini yanatokea mara chache mno, ndipo swali la kulipa linapoanza kuwa na maana.

Kilichomo ndani ya kifurushi

Nitaitumia Tinder kama mfano kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi, na nyingine zimeiga mpangilio wake. Ilianza mwaka 2012 bila kumtoza mtu. Mwaka 2015 ikaleta kifurushi cha Plus, 2017 ikaongeza Gold, na 2020 Platinum. Kila daraja lina yale ya chini yake na nyongeza.

Plus inakupa uwezo wa kupenda watu bila kikomo, kumrudia uliyempita kwa bahati mbaya, na kuhamisha eneo lako uonekane uko mji mwingine. Kupenda bila kikomo nakuona ni hasara hata kungekuwa bure. Kikomo cha kila siku humfanya mtu asome. Kikiondoka, kidole kinakwenda chenyewe, na unaishia na orodha ya watu usiokumbuka kwa nini uliwachagua. Kuhamisha eneo ni habari nyingine, nitairudia.

Gold inakuonyesha waliokupenda kabla wewe hujawapenda. Hii ndiyo inayouzika zaidi, na ukitazama utaona sababu: programu inakuonyesha picha zao zikiwa zimefifishwa na idadi yao pembeni, kisha inakuambia ulipie uwaone. Tulia hapo. Walio karibu nawe na walio ndani ya vigezo vyako mara nyingi watakutokea tu unapopekua kama kawaida. Unacholipia ni kuwaona leo badala ya wiki ijayo. Kwa mwanamume mwenye wanne, haina maana. Kwa mwanamke mwenye mia tatu, tatizo lake halikuwa kuonekana tangu mwanzo. Ni kuchuja, na orodha ya nyuso mia tatu haimchujii. Inamfaa mtu wa katikati mwenye muda mchache, anayetaka kutumia dakika kumi za mapumziko kuamua badala ya kupekua usiku kucha.

Platinum inaruhusu kumwandikia mtu kabla hajakuchagua na inatanguliza jina lako. Iruke. Ujumbe wa mtu asiyechaguliwa hupokelewa kama ujumbe wa mtu asiyechaguliwa.

Halafu kuna Boost, inayouzwa pia kwa rejareja: kwa dakika 30 profaili yako inawekwa mbele ya watu wa eneo lako. Ushauri wangu hapa ni tofauti na wa wengi. Usiinunue kwa tumaini la kupata mchumba ndani ya nusu saa. Inunue mara moja kama kipimo. Iwashe Jumapili saa tatu usiku, watu wakiwa wametulia na simu zao, utazame. Ukipendwa na wengi kuliko wiki nzima iliyopita, basi kweli hukuwa ukionekana, na kulipia mwezi mmoja kunaweza kukusaidia. Ukionekana na watu wote hao na wakakupita, tatizo ni picha na maneno, na mwezi wa kulipia utakuonyesha kwa watu wengi zaidi watakaokupita. Hakuna kitu cha bei hiyo kitakachokuambia ukweli kwa haraka namna hiyo.

Bei unayoiona si bei ya kila mtu

Tinder Plus ilipotoka mwaka 2015, Mmarekani wa chini ya miaka 30 alitozwa dola 9.99 kwa mwezi, na aliyefika 30 au zaidi dola 19.99, kwa huduma ileile. Watu walishtaki, na Januari 2018 mahakama ya rufaa ya California ikaamua kwamba upangaji huo ulikuwa ubaguzi wa umri chini ya sheria ya jimbo. Ulaya nako suala la bei za mtu mmoja mmoja liliendelea kusumbua, hadi Machi 2024 Tume ya Ulaya ikatangaza kwamba Tinder imekubali kuwaambia wateja waziwazi pale punguzo wanaloonyeshwa linapokuwa limepangwa na mashine kwa ajili yao.

Kwetu sisi maana yake ni nyepesi: usiichukulie bei ya kwanza kama bei ya dukani iliyoandikwa kwenye kibao. Muulize rafiki wa jinsi na umri tofauti anaonyeshwa kiasi gani. Ifunge programu uipuuze kwa siku kadhaa. Mara nyingi wanaokataa kulipa huletewa punguzo. Angalia kama tovuti ya kampuni ina bei tofauti na iliyomo ndani ya programu. Na kumbuka kwamba ukitozwa kwa dola, benki yako ina ada yake ya kubadili fedha ambayo haionekani kwenye ukurasa wa mauzo.

Kisha kuna mtego wa miezi sita. Mwezi mmoja huwekwa bei ya juu, na miezi sita bei ambayo ukiigawa inaonekana kama zawadi. Lakini fikiria: ukipata mtu mwezi wa pili, miezi minne iliyobaki umeitupa. Usipopata mpaka wa sita, ina maana njia hii haikukufaa, na ungelijua hilo mwezi wa kwanza. Katika hali zote mbili mwezi mmoja mmoja ni nafuu.

Anayelipwa hata usipooa

Kwa desturi yetu ya pwani, mshenga hutumwa, huhangaika kati ya nyumba mbili, na shukrani yake huipata shughuli ikikamilika. Posa ikikataliwa, naye amekosa. Kwa hiyo mshenga ana kila sababu ya kukuambia mapema kwamba mlango fulani haufunguki, msipoteze muda. Programu hulipwa kwa kila mwezi unaoendelea kutafuta. Sisemi waliozitengeneza wanakutakia mabaya. Nasema hesabu yao haifaidiki ukiondoka. Match Group, kampuni ya Marekani inayomiliki Tinder, Hinge, OkCupid, Plenty of Fish na Match.com, ilikuwa na takriban watu milioni 15 wanaolipa mwaka 2024, na wenye hisa huiuliza kila robo mwaka kwa nini idadi hiyo haipandi.

Mwaka 2019 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Match Group. Dai lililozungumzwa sana lilikuwa kwamba watumiaji wa bure wa Match.com walikuwa wakipelekewa barua pepe kuwaambia kuna mtu amevutiwa nao, walipie wamwone, wakati akaunti nyingine kati ya hizo kampuni yenyewe ilikuwa imeshazitilia shaka kuwa za matapeli. Hoja hiyo ilikwama mahakamani kwa sababu ya kinga ambayo sheria ya Marekani inazipa tovuti kwa yale yanayowekwa na watumiaji wake. Yaliyobaki hayakukwama: masharti yaliyofichika ya dhamana ya miezi sita, na ugumu wa kusitisha usajili. Agosti 2025 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 14 kuyamaliza. Jifunze kitu kimoja humo: taarifa inayokuambia kuna mtu anakungoja nyuma ya malipo ni tangazo la biashara, na uisome kama unavyosoma tangazo jingine lolote.

Vipi kuhusu madai kwamba ukilipa, mashine inakutafutia anayekufaa? Mwaka 2012 kundi la wanasaikolojia wa Marekani likiongozwa na Eli Finkel lilipitia tafiti zilizokuwepo na kukuta hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba fomula za kuoanisha watu zinafanya kazi kuliko njia nyingine za kukutana. Mashine inajua unabonyeza picha gani. Haijui kama mtaweza kuvumiliana nyumba ikivuja na ada ya shule haijalipwa.

Hata hivyo nisiwe mkali kupita ukweli. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani mwaka 2022. Kati ya waliowahi kutumia programu hizi, asilimia 35 walikuwa wamewahi kulipa, wanaume 41 kwa wanawake 29. Waliolipa walisema mambo yaliwaendea vizuri kwa asilimia 58, wasiolipa kwa asilimia 50. Tofauti ipo, ni ndogo, na huwezi kujua kama fedha ndiyo iliyoileta: anayelipa huwa na kipato kikubwa kidogo na huenda alishaamua kutafuta kwa dhati kabla hajatoa kadi. Nia hiyo unaweza kuwa nayo bila kadi.

Wanaostahili kulipa

Kuna watu ambao nikiwa nao mezani ningewaambia lipa, tena leo.

Wa kwanza ni aliye ughaibuni anayerudi nyumbani kwa likizo. Unaishi Leeds au Minneapolis, unakuja Mombasa Desemba kwa wiki tatu, na hutaki kuanza kutafuta ukiwa umeshashuka uwanja wa Moi. Lipia mwezi mmoja wa kuhamisha eneo kabla ya safari, jiweke Mombasa, na uandike wazi kwenye maelezo kwamba unaishi nje na unakuja tarehe fulani. Ongea, piga simu za video, chuja, ufike ukiwa na watu wawili au watatu wa kukutana nao. Hapo umenunua muda, na wiki tatu za likizo zina thamani kubwa kuliko bei ya mwezi. Ila usifiche kwamba uko mbali. Mtu anayedhani uko Nyali na kugundua baada ya siku kumi uko Uingereza ana haki ya kukufuta.

Wa pili ni anayetumia tovuti ambazo bure yake haizungumzi. AfroIntroductions, ya kampuni ya Cupid Media ya Australia, ni ya aina hiyo: unaweza kujisajili, kuweka picha na kuonyesha kuvutiwa, lakini ili muandikiane mmoja wenu awe amelipia. Kama wewe ndiye unayetaka kuanza mazungumzo, bila kulipa umekaa tu barazani. Lakini kama unaowatazama ni watu wanaolipa, wao wakikuandikia unaweza kujibu, kwa hiyo hakuna haja ya nyote wawili kutoa. Dada zangu wengi walioko huko hawajalipa kitu, na hawajakosa kitu. Onyo moja hapo: aliyelipia ili akuandikie hajanunua haki yoyote juu yako, na asikufanye uone una deni la jibu.

Wa tatu ni mwenye zamu na majukumu, aliyeshafaulu jaribio la bure, ambaye saa yake moja ya jioni ina thamani. Daktari wa zamu, dereva wa masafa, mama anayelea peke yake.

Kwa Mwislamu anayetafuta ndoa, anza na programu zilizojengwa kwa nia hiyo kabla ya kulipia za jumla. Muzz, iliyoanzia London na iliyokuwa ikiitwa Muzmatch mpaka iliposhindwa kesi ya alama ya biashara na Match Group mwaka 2022, inaruhusu kuongea bila malipo, na ina njia ya kumweka walii asome mazungumzo. Kwa binti wa Zanzibar au wa familia ya Kiswahili iliyoko Oman, hilo lina uzito kuliko Boost yoyote, kwa kuwa linamwambia mwanamume tangu siku ya kwanza kwamba nyumba inajua.

Wasiohesabiwa hapa, yaani wengi wetu, fedha hiyo waipeleke kwingine. Mpe mpigapicha wa mtaani elfu kadhaa akupige picha tano nzuri ufukweni au bustanini. Nunua bando la kutosha simu za video zisikatike. Weka nauli na hela ya chai ya kukutana na mtu mmoja wa maana kila wiki mbili. Kukutana ndiko kunakokufikisha, na kukutana kuna gharama ambayo ukurasa wa usajili hauitaji: nauli, mavazi, soda mbili, pengine chakula. Nimewaona watu waliolipia Gold miezi mitatu wakakosa nauli ya kwenda kumwona mtu aliyewakubali.

Malipo usiyotakiwa kufanya kamwe

Kuna wanaouza "kuunganishwa" kwenye Facebook, Telegram na WhatsApp. Wanaweka picha za kina mama wenye magari, wanaahidi mzungu au tajiri, na wanaomba ada ya usajili kwa namba ya simu. Ukilipa, inakuja ada ya kadi ya uanachama, kisha ada ya kupewa namba, kisha kimya. Hilo si suala la kupima faida na hasara. Usitume.

Kuna na mtu uliyempata kwenye programu halali, ulipie au usilipie. Anaumwa ghafla, anataka nauli ya kuja kwako, tena utume na ya kutolea. Ukituma, simu inazimwa. Wamekula nauli nyingi kwa njia hiyo. Au yuko Ulaya, amekutumia zawadi, na kifurushi kimekwama forodhani kinasubiri ulipe ushuru. Marekani peke yake, mwaka 2022, watu karibu 70,000 waliripoti kwa FTC kutapeliwa kwa jina la mapenzi, na hasara ilifika dola bilioni 1.3. Kati yao wapo wasomi na watu wazima wenye busara; upweke haubagui. Kanuni yangu haina ubaguzi: mtu ambaye hamjakaa meza moja hapati fedha yako, hata ya vocha. Kama kweli anataka kuja, nenda wewe, mahali penye watu, mchana, na umwambie ndugu unakwenda wapi na kuonana na nani.

Usidhani pia kwamba anayelipa amechunguzwa. Kifurushi kinaonyesha kwamba mtu alikuwa na kadi. Tapeli naye ana kadi, na kwake hiyo ni mtaji.

Ukiamua kulipa

Chagua mwezi mmoja. Kenya, Google Play hupokea M-Pesa. Kwingine huenda ukahitaji kadi ya benki au kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye akaunti yako ya simu. Kadi ya mtandaoni ni nzuri kwa kazi hii kwa sababu unaweka humo kiasi cha mwezi mmoja tu, na siku ya kujirudia ikifika haikuti kitu.

Dakika tano baada ya kulipa, nenda kwenye sehemu ya usajili ya Google Play au ya akaunti yako ya Apple na usitishe. Huduma itaendelea mpaka siku uliyolipia iishe. Unachozuia ni kukatwa mwezi unaofuata bila kukusudia. Usingoje siku ya mwisho. Siku hiyo utasahau, au utakuwa umepata mtu na furaha itakusahaulisha.

Kabla mwezi haujaisha, jiulize mambo mawili, na majibu uyaandike: ni watu wangapi uliozungumza nao kwa sauti, na wangapi mlioonana. Usihesabu waliokupenda wala waliokuandikia. Ikiwa walioonana nawe ni sawa na mwezi wa bure, usilipie tena programu hiyo. Ikiwa wameongezeka na kuna mmoja mnayeendelea naye, usilipie tena kwa sababu nyingine: umpe yeye muda huo.

Siku ya kuondoka, fuata mpangilio huu. Sitisha usajili kwanza, hakikisha umepata ujumbe wa kuthibitisha, futa akaunti yako ndani ya programu ili picha zako zisiendelee kuzunguka, ndipo uiondoe programu kwenye simu. Wanaoanza na mwisho, wakaiondoa programu wakidhani wamemaliza, huendelea kukatwa fedha mwezi baada ya mwezi na profaili yao huendelea kubaki huko, mchumba mpya akija kuambiwa na rafiki yake kwamba bado unatafuta.